Mitambo Iliponyamaza Shinyanga

Kabla gridi ya Taifa haijatufikia, umeme wa Shinyanga ulikuwa na kelele. Kituo cha kuufua kilikuwa mjini kabisa, jirani na reli, na majenereta yake ya dizeli yalinguruma tangu alfajiri mpaka watu wanalala. Mgeni akitoka kijijini alilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Sisi wa mtaa wa Kambarage tulikuwa tumeizoea ile ngurumo mpaka hatuisikii tena. Aliyekuwa akiisikia kila dakika ni Baba.

Baba alikuwa kipofu. Alizaliwa Tanga, akaja bara kijana na marobota ya kanga kwenye treni, akafungua duka karibu na soko na kumwoa mama yangu, binti wa Kisukuma wa upande wa Kishapu. Nilipokuwa shule ya msingi, presha ya macho ilianza kumpunguzia nuru. Kwanza aliacha kuona pembeni, akawa anagonga milango kwa bega. Kisha akawa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na siku moja bomba nalo likaziba. Duka alimwachia mama. Lakini kushikwa mkono alikataa katakata.

"Miguu yangu haijapofuka," alisema.

Akajifunza kutembea kwa kusikiliza mitambo. Aliwahi kunieleza mwenyewe, tukiwa tumekaa barazani tunachambua mchele. "Nikitoka hapa naiweka sikio la kulia. Inanifuata hivyohivyo mpaka pale pa wauza mkaa. Ikihamia kisogoni najua nimeupita uwanja, nakata kushoto, nimefika msikitini." Alikuwa hakosei. Mvua ikinyesha, vumbi likitimka, soko likijaa, alipita katikati ya watu na bakora yake kama anayeona. Shida ilikuwa siku ambazo mabehewa ya dizeli yamechelewa. Miaka ile ya shida ya mafuta yaliweza kukwama Tabora, au yakafika Isaka yakalala huko, na mitambo ikazimwa. Siku hizo Baba alikuwa mtu wa barazani.

Mimi nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa kwenye kituo kilekile. Nilichukuliwa kuwa karani, lakini mhandisi wetu mkuu, mtu wa Kilosa, mrefu, mwenye kicheko cha ghafla, aliona ninavyochungulia chumba cha mitambo kila nikipeleka chai. Akanihamishia kwenye ubao wa mita. Nilikuwa mwanamke peke yangu mle ndani, nimejifunga ushungi, pamba masikioni, nimekodolea macho mishale.

Mshale niliouogopa kuliko yote ulikuwa ule wa masafa, unaoonyesha mitambo inazunguka kwa kasi gani. Kiwanda cha kuchambua pamba kikiwasha mashine zake, mshale ulizama kama mtu aliyetwishwa gunia, na majenereta yakalia kwa uchungu. Ukizama mno tulikata umeme wa upande mmoja wa mji ili kuokoa upande mwingine. Tulikata kwa kubahatisha. Hatukujua kwa hakika nani anatumia kiasi gani. Tulijua tu kwamba ngoma imezidi na lazima mtu atolewe uwanjani. Nyumbani kwetu taa ikizimika, jirani zangu waliniuliza kesho yake, "Wewe ndiye uliyetukata?" Mara nyingine ni mimi kweli.

Habari za laini kubwa zilianza kama uvumi. Tukasikia maji ya mto wa kusini yanafua umeme mwingi kuliko Dar es Salaam inavyouhitaji, na kwamba utaletwa kwa waya kupitia Iringa, Dodoma na Singida mpaka kwetu, uendelee hadi Mwanza. Mafundi wenzangu walicheka. Waya kutoka Iringa? Sisi ambao nguzo zetu za mjini huliwa na mchwa?

Halafu minara ikaja. Niliiona mara ya kwanza nikiwa kwenye basi kutoka msibani. Mbuga ilikuwa imekauka, imenyooka, na kule mwisho wa macho ilikuwa imesimama minara ya chuma, mmoja nyuma ya mwingine, mikono imetanuliwa, mpaka ile ya mbali ikawa midogo kama sindano. Ng'ombe walikuwa wakijikuna kwenye miguu yake. Abiria walisogelea madirisha. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami akasema kwa Kisukuma kwamba watu waliofanya hivi hawakuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Niligeuza shingo kuitazama mpaka kilima kikaificha.

Nje ya mji kilijengwa kituo cha kupozea umeme, kwa sababu umeme wa laini ile ulikuwa na nguvu za kuua mtaa mzima ukiingia majumbani ulivyo. Transfoma zilizoletwa kwa reli zilikuwa kubwa kama nyumba. Ndani kulikuwa na chumba cha udhibiti, safi, chenye feni na sakafu inayong'aa, na mhandisi akanichagua niwe mmoja wa watakaokaa mle. Tulifundishwa kwa miezi. Nilibeba mafunzo yale kichwani hadi jikoni. Mama alikuwa akinikuta nimesimama na mwiko mkononi, ugali unaungua.

Siku ya kuungana ilikuwa asubuhi ya jua kali. Majenereta ya zamani mjini yalikuwa yakifanya kazi, na upande wa pili waya wa gridi ulikuwa tayari una umeme, umefika mlangoni kwetu unasubiri. Huwezi kuvigonganisha tu. Lazima mitambo miwili izunguke kwa mwendo mmoja na kwa pumzi moja, vinginevyo inavunjana. Kwa kazi hiyo kulikuwa na saa ya mshale mmoja. Mitambo ya mjini ikienda haraka kuliko ya kusini, mshale unazunguka upande huu. Ikichelewa, unazunguka ule. Ukipanda juu kabisa, taratibu, ndipo unafunga swichi.

Mhandisi aliwapigia simu mafundi wa mjini. "Punguzeni kidogo. Kidogo. Hapo." Mshale ukapunguza mbio. Ukawa unatambaa. Tulikuwa watu sita au saba, wote tumeiinamia ile saa. Ukapita juu mara moja, akauacha. Ukazunguka tena. Ulipokaribia juu aligeuza kitasa, na nje tukasikia mlipuko mmoja mzito wa swichi kufunga.

Mshale ulisimama. Sikuwahi kuona kitu kikisimama namna ile. Ulikuwa unazunguka, sasa umenyooka juu, hautikisiki, kama umeshikwa na mkono.

Mhandisi akafuta jasho, akanionyesha mita ya masafa, ile niliyokuwa naiogopa. "Angalia. Huu si mshale wa Shinyanga tena. Ulivyo hapa ndivyo ulivyo Dar es Salaam. Ndivyo ulivyo Tanga, na Moshi, na Iringa. Dakika hii hii. Ukishuka huko na hapa unashuka."

"Wote pamoja?"

"Wote pamoja. Ni mashine moja sasa. Tumeingia ndani yake."

Nilikaa kwenye kiti nikautazama. Ulikuwa ukicheza kidogo sana, unywele kushoto, unywele kulia. Nilijiambia kwamba ule unywele ni kiwanda fulani cha pwani kimewasha mashine, na kule kusini maji yamefunguliwa zaidi kidogo kukibeba. Machozi yalinitoka na sikujua nayafutaje mbele ya wanaume. Mmoja wao, fundi mzee wa majenereta, alikuwa akiyafuta ya kwake, basi nikatulia.

Mchana walihamisha mzigo wa mji kidogokidogo kwenda kwenye gridi. Kisha wakayazima majenereta, moja baada ya jingine.

Nilirudi nyumbani nimebebwa na furaha yangu, nikamkuta mama mlangoni na kanga yake begani. "Baba yako hajarudi kutoka msikitini," alisema. "Swala imeisha zamani."

Nilielewa palepale. Kazi ya mwaka mzima nilikuwa nimeifanya, nimeota mishale na swichi, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba siku tukizima mitambo tutakuwa tumemzimia Baba njia.

Tulimtafuta sokoni, tukamtafuta kwa wauza mkaa. Tulimkuta relini, amekaa juu ya rundo la mataruma, kofia mkononi. Mfanyakazi wa stesheni alikuwa amekaa naye, wanaongea mambo ya treni za zamani. Baba alitambua mwendo wangu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mji umekwenda wapi?"

"Upo, Baba. Tumezima mitambo. Umeme unatoka mbali sasa."

"Nilikuwa katikati ya njia," alisema polepole. "Ikanyamaza moja. Nikasema, labda mafuta. Ikanyamaza nyingine. Halafu nikawa sipo mahali popote." Akacheka, akavaa kofia yake. Siku hiyo alinipa mkono nimwongoze, na tulitembea hivyo mpaka Kambarage.

Kwa siku kadhaa hakutoka. Taa za nyumbani hazikupepesa, redio haikukoroma, jirani walikuwa wakinipa pongezi kama harusi imefanyika, na yeye amekaa barazani amegeuza uso ukutani. Mwishoni mama alisema, "Mpeleke akakione hicho kitu." Nilimwomba ruhusa mhandisi. Alifikiri, kisha akasema nimlete wakati wa zamu yangu ya mchana, na asitoke chumba cha udhibiti.

Tulimvalisha kanzu safi. Nilimkalisha kwenye kiti, nikauongoza mkono wake uguse ubao wa mita, baridi na laini, nikamweleza kila mshale unasema nini. Alisikiliza kwa adabu ya mtu anayeelezwa habari za nchi ambako haendi. Ndipo simu ikalia.

Simu ile ilikuwa ajabu yenyewe. Haikuwa na waya wake. Sauti ya anayepiga ilipandishwa juu ya waya uleule wa umeme mkubwa, ikasafiri pamoja na umeme kupita minara yote ile, ikateremshwa kwetu. Aliyekuwa akipiga ni mwanamke wa chumba cha udhibiti cha Dar es Salaam, ambako walikuwa na ukuta mzima wenye picha ya nchi, mistari na taa, na kila swichi yetu ilikuwa na taa yake kwenye ukuta ule. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilijua sauti yake tu, nyepesi, yenye mzaha.

"Shinyanga, habari za mchana? Nipe volti zako."

Nilimpa. Kisha nikamwambia, sijui kwa nini, "Nina mgeni. Baba yangu. Naye ni mtu wa pwani, wa Tanga."

"Wacha! Tanga wapi? Mpe simu."

Nilimtazama mhandisi. Akatikisa kichwa kukubali, akacheka kile kicheko chake. Nikambandika Baba mkono wa simu sikioni.

"Shikamoo, mzee wangu," ile sauti ilisema kwa nguvu hata sisi tukasikia. "Mimi mtoto wa Chumbageni."

Baba aliushika mkono wa simu mwenyewe. "Marahaba, mwanangu. Chumbageni upande gani?"

Wakaongea. Sijui waliongea nini hasa, nilisikia upande mmoja tu: misikiti, miembe iliyokatwa, nani kafa, nani bado anauza samaki. Hakuwa amerudi kwao tangu aondoke. Alipomaliza alinirudishia simu.

"Sauti yake imekuja kwenye umeme?" aliuliza.

"Juu ya umeme, Baba. Kwenye waya mmoja."

"Na umeme unaendelea kupita?"

"Unaendelea."

"Subhanallah," alisema. Akarudia tena, kwa sauti ya chini, kama anayejiambia mwenyewe. Njiani kurudi hakunyamaza hata kidogo. Wiki ile ile alitoka nje tena. Alijifunza njia mpya: mashine ya kusaga ya karibu na uwanja, ambayo sasa ilikuwa inazungushwa na umeme kutwa nzima, cherehani za mafundi nguo, mlango wa bati wa duka la mkate. Ilimchukua muda, na alianguka mtaroni mara moja. Lakini alitoka.

Mimi na yule mwanamke tuliendelea kuongea kila siku, na kadiri nilivyozoea kazi ndivyo nilivyozidi kustaajabu. Siku moja aliniambia, "Shinyanga, mmepanda. Wiki iliyopita saa hizi mlikuwa chini sana. Pamba imeanza kuingia nini?" Nilitazama dirishani. Barabarani yalikuwa yakipita malori ya pamba, marobota yamefungwa kwa kamba, nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba pembeni. Yeye hakuwahi kuona shamba la pamba maishani mwake. Aliyaona mavuno yetu kwenye tarakimu. Kwa tarakimu hizohizo aliwaambia watu wa kusini kila jioni wafungue maji kiasi gani, kabla sisi wa huku hatujawasha hata taa moja. Nikakumbuka tulivyokuwa tukikata mitaa kwa kubahatisha, nikaona haya kidogo na furaha nyingi.

Kisha ikaja mvua ya radi. Ilikuwa alasiri, mawingu meusi yametoka upande wa Singida, na ghafla swichi ya laini ya kusini ikafunguka kwa mlipuko. Taa zikafa. Mishale ikaanguka sifuri. Nilinyoosha mkono kwenye simu, ikalia kabla sijaigusa; ilikuwa na betri zake, na waya ulikuwa umekosa umeme tu, haukukatika.

"Nimeona," yule mwanamke alisema. Hakuwa na mzaha. "Laini yako ya kusini imefunguka. Na Mwanza imezimika. Jaribu kurudisha mara moja."

Nilijaribu. Swichi ilifunga, ikafunguka tena papo hapo.

Zamani kosa kama hilo lingetutembeza siku nzima, au zaidi, mafundi wakikagua nguzo moja moja na darubini. Lakini kwenye ubao mpya kulikuwa na chombo kimoja kidogo, ambacho umeme ukipotea ghafla hupima ulivyopotea na kutoa umbali wa mahali penye kosa. Mhandisi alikisoma, akaenda kwenye ramani ya minara, akaweka kidole. "Hapa. Au mnara wa jirani." Mafundi walitazamana. Wenzetu waliwasha majenereta ya mjini kuihudumia hospitali na pampu za maji, na mimi, zamu yangu ikiwa imeisha, nikaomba nafasi kwenye Landrova. Nilitaka kuona kwa macho yangu kama chombo kile kinasema kweli.

Tulikwenda kwenye matope, jua likiwa limetoka tena chini ya mawingu. Karibu na mahali pa ramani palikuwa na shamba la karanga, na mama mmoja wa makamo alikuwa anapalilia, jembe halisimami hata kwa ajili ya gari letu.

"Mwadila, mayu," fundi mmoja alimsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila," aliitikia, akajinyoosha. Akanyoosha jembe kuelekea mnara ulio mwisho wa shamba lake. "Mnatafuta moto? Ulikuwa pale. Radi ilikuja, ule mkono wa chuma ukawaka bluu."

Tulitazama juu. Kwenye mkono wa mnara, ule mnyororo wa visahani vya kaure unaoshika waya ulikuwa umepasuka, vipande vimeanguka majanini, vingine vimeungua vyeusi. Haukuwa ule mnara hasa aliouwekea mhandisi kidole. Ulikuwa wa jirani yake.

Fundi mmoja, kati ya wale waliocheka siku za uvumi wa laini, alivua kofia. Niliokota kipande cha kaure, bado kina joto, nikakishika tu.

Mama yule alikuwa amenisogelea, anautazama ushungi wangu na suruali yangu ya kazi kwa mshangao uliokuwa wazi. "Nani kawaambia mje hapa?" aliuliza. "Mimi sijamwambia mtu. Nimekuwa hapa peke yangu."

"Kuna mashine mjini," nilisema. "Ndiyo imetuambia."

"Ina macho?"

"Haina. Inahesabu. Umeme ukikatika, inahesabu umekatikia wapi."

Alifikiri. Aliufuata waya kwa macho, mnara hadi mnara, mpaka mahali ambapo jua lilimkataza. "Kwa hiyo wanajua nilipo," alisema.

"Wanajua mnara ulipo, mayu. Wewe hawakujui."

"Basi waambie," alisema, akacheka, akainua jembe lake. "Waambie nipo."

Mafundi walifunga kamba zao wakaanza kupanda. Alipalilia hadi wakamaliza, akatuletea karanga mbichi kwenye ungo, na tulizila tukiwa tumesimama kwenye matope huku fundi mmoja akizungumza na mjini kwenye redio ya gari. Jibu lilikuja kwamba laini inarudishwa, tukae mbali na mnara. Tulirudi nyuma sote, naye pamoja nasi, tukiwa tumeinua nyuso kuutazama waya.